Mwamba Hauzoeleki

Kila bamvua, maji yakupwapo na mwamba wa Songosongo, wa Somanga na wa Mchinga ukaachwa wazi, watu huteremka na miti yenye ncha kwenda kuchokoa pweza. Huo ni uwindaji kamili. Mtu anamfuata kiumbe anayejua kujificha, anasoma dalili zake, anamkuta shimoni na kumtoa. Wanawake wengi wanaofanya kazi hiyo huifanya peku, au kwa kandambili ambazo hazifiki mbali kabla hazijakatika au kuvuliwa na kubebwa mkononi. Atakayeuliza sababu atapewa jibu lile lile na mume nyumbani, na mnunuzi penye mizani, na mara nyingi na mwanamke mwenyewe aliyesimama majini: miguu imezoea. Jibu hilo limekubalika kiasi cha kwamba hakuna anayeliona kuwa ni hoja, yaani kitu kinachoweza kupimwa na kukataliwa. Nalipinga. Si la kweli, na gharama ya kuliamini inalipwa na watu wasio na sauti kubwa katika uvuvi wa Kilwa na Lindi.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaosema miguu imezoea huzungumza kana kwamba mwamba ni ufukwe. Katika pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita 3 au zaidi, na ukomo wa kupwa huangukia kati ya saa nne asubuhi na adhuhuri, kisha tena usiku kwa saa zinazokaribiana na hizo. Mwindaji huanza kushuka maji yanaporudi nyuma, huyafuata mpaka ukingo wa mwamba, kisha hurudi yakiwa yanamfukuza. Katika saa zote hizo mguu wake ama umo majini ama umelowa. Anachokanyaga si mchanga ila kwa vipande. Kuna matumbawe yaliyokufa yenye makali, kuna mianya inayobana kifundo, kuna majani ya bahari yaliyofunika mashimo. Kuna viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya nyama, kuna taa aliyejifukia na mwiba wake wa mkiani, na kuna samaki jiwe, ambaye hata mwenye macho makali humkanyaga akidhani ni kipande cha mwamba. Tena macho ya mwindaji hayako miguuni. Yako mbele, yanatafuta rundo dogo la magamba ya kaa na kombe lililomwagwa mlangoni mwa shimo la pweza. Ustadi wenyewe wa kazi hii unamtaka mtu asitazame anapokanyaga, na katika mazingira ya namna hiyo mguu hauna mlinzi mwingine isipokuwa kile kilichouvika.

Wanaotetea mguu peku wana ushahidi, na si haki kuupuuza. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha nyayo za watu wazima nchini Kenya, baadhi yao wakiwa wamezoea kutembea peku na wengine wakiwa wamezoea viatu. Waliozoea peku walikuwa na sugu nene zaidi, na unene huo haukuwapunguzia uwezo wa kuhisi ardhi walipokuwa wakitembea. Kwa maneno mengine, sugu ya mguu imemkinga mtu bila kumnyima hisia, jambo ambalo kiatu chenye soli laini na nene hakiliwezi. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Yanathibitisha walichokijua wakulima na wafugaji tangu zamani, na yanawapa nguvu wanaosema kwamba mwili wa binadamu umeumbwa na kiatu chake. Mimi siyapingi. Ninachopinga ni kuyahamisha kutoka kwenye njia ya shambani na kuyatupa baharini, kwa sababu yale yanayoifanya sugu iwe kinga nchi kavu huondoka ikilowa.

Sugu ni ngozi iliyokufa na kukazana, na ngozi hiyo hufyonza maji. Ikikaa majini kwa saa kadhaa huvimba, huwa nyeupe, hukunjamana na kulainika, na hapo tumbawe linalokwaruzwa juu yake huingia kwa urahisi. Mwindaji akirudi nyumbani chumvi na jua huikausha upesi, nayo hunywea na kupasuka. Magaga yanayoonekana kwenye visigino vya wanawake wa pwani, ambayo watu huyachukulia kuwa alama ya mguu uliokomaa, ni mipasuko, na mpasuko ni mlango. Madaktari wa jeshi la Marekani waliyaona haya kwa sura kali zaidi wakati wa vita vya Vietnam, askari walipokaa siku mbili tatu mfululizo kwenye mashamba ya mpunga yenye maji ya uvuguvugu. Nyayo zilivimba, zikauma, watu wakashindwa kusimama, na hapakuwa na baridi yoyote ya kulaumiwa. Mchokoaji wa pweza hakai majini siku tatu, kwa hiyo sisemi kwamba anapatwa na ugonjwa ule ule. Nasema kwamba maji peke yake, hata yakiwa ya vuguvugu, yanatosha kuuharibu ukuta ambao hoja ya mazoea imeuegemea, na mwenye kurudi mwambani kila bamvua, mara mbili kwa mwezi wa mwandamo na kwa siku kadhaa kila mara, haupi ukuta huo nafasi ya kupona.

Hata tukijaalia kwamba sugu ingebaki kavu na ngumu, bado isingetosha, kwa kuwa kukwaruzwa na kutobolewa ni mambo mawili. Sugu hujengwa na msuguano na huzuia msuguano. Samaki jiwe ana miiba 13 mgongoni, na kila mmoja una vifuko vya sumu ubavuni. Yeye hamrukii mtu. Uzito wa mtu mwenyewe ndio unaozama kwenye mwiba, unabinya vifuko na kuipandisha sumu ndani ya jeraha. Hakuna unyayo wa binadamu, uliokomaa kiasi gani, unaozuia hilo. Maumivu yake hutajwa kuwa miongoni mwa makali kuliko yote ya baharini, mguu huvimba, nyama huweza kufa mahali palipochomwa, na kazi husimama kwa wiki nyingi. Na hapa joto linaingia kwenye hoja hii kwa njia ambayo watetezi wa mazoea hawaitaji kamwe. Sumu ya samaki jiwe, kama ile ya taa, ni protini, na protini ya namna hiyo huvunjika ikipata moto. Matibabu ya kwanza yanayokubalika ni kuutumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua, yapata nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, huku yakipimwa kwanza kwa mkono wa mtu asiyeumia, kwa sababu aliyechomwa hawezi kuamua sawasawa. Beseni na chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto, zikiwekwa ufukweni siku za bamvua, ni huduma inayowezekana katika kijiji chochote. Kutoka Songosongo kwenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ni safari ya chombo, na sumu haisubiri chombo. Lakini kijiji kinachoamini kwamba miguu imezoea hakina sababu ya kuandaa beseni, na hilo ndilo dhara la kwanza la imani hii: inafuta maandalizi kabla hayajafikiriwa.

Nimetaja joto, baridi nayo haifai kupuuzwa, ingawa msomaji wa Lindi anaweza kushangaa. Wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, bahari hii hupoa hadi karibu nyuzi 25, na upepo hauachi kuvuma. Maji huchota joto la mwili mara 25 hivi kwa kasi kuliko hewa yenye ubaridi ule ule, na mguu uliotolewa majini ukapigwa na upepo huendelea kupoa kwa sababu maji yaliyo juu ya ngozi yanakauka. Wanaokwenda kwa taa usiku wanalijua hilo kuliko wanaokwenda mchana. Si baridi ya kuua vidole, na sitaki kuikuza. Hata hivyo mwili unaopoa hupunguza damu inayokwenda miguuni, na ngozi inayopoa hupoteza hisia kidogo kidogo, kwa hiyo ile sifa ya mguu peku ya kuhisi kila kitu hupungua kadiri saa zinavyosonga, na hupungua zaidi wakati wa kurudi, mtu akiwa amechoka, amebeba mzigo na anaharakishwa na maji.

Wala hoja ya mazoea haikuzaliwa mwambani. Imetumika pia mlimani, na huko ilishindwa. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alisimuliwa Uchagani kwamba mtawala wa Machame aitwaye Rungua aliwahi kutuma watu wapande kutazama ule weupe ni kitu gani. Akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi. Watu hao walizaliwa chini ya mlima ule ule; kama kuzaliwa karibu na hatari kungekuwa kinga, wao wangekuwa wa kwanza kukingika. Hata hivyo, karne moja na nusu baadaye bado wapagazi wa Kilimanjaro, ambao mlimani huitwa wagumu, walikuwa wakipanda kwenye kambi zilizo juu ya mita 4,000 na raba zilizochoka huku mgeni wanayembebea mzigo akiwa na buti na soksi mbili za sufu. Waliotetea hali hiyo walisema wenyeji wamezoea. Jibu halikuja kwa maneno bali kwa kazi: tangu mwaka 2003 kuna mradi mjini Moshi unaowaazima wapagazi mavazi na viatu vya mlimani bila malipo, na kampuni za utalii hupimwa kwa namna zinavyowatendea watu wao. Leo hakuna anayethubutu kusimama mbele ya wageni na kusema kwamba mguu wa mpagazi hauhisi baridi. Kilichobadilika si miguu ya wapagazi. Watu waliacha kukubali sababu iliyokuwa ikitolewa.

Nirudi pwani, kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote niliyoyataja. Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumizwa sana na matende na mabusha. Minyoo ya ugonjwa huo huenezwa na mbu, na kwa upande huo taifa limefanya kazi kubwa. Ugawaji wa dawa kwa umma Tanzania Bara ulianzia Mafia mwaka 2000, na baadaye ukaenea katika wilaya za pwani na nyinginezo. Lakini dawa inayozuia maambukizi mapya haiurudishi mguu ambao tayari umeanza kuvimba. Mguu huo huendelea kukua kwa sababu nyingine: bakteria huingia kupitia mipasuko na michubuko, hasa katikati ya vidole, mtu hushikwa na homa na maumivu makali, na kila shambulio huuacha mguu ukiwa mkubwa na mgumu kuliko ulivyokuwa. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa wagonjwa wa matende ni wa kila siku na hauna ajabu yoyote: osha kwa sabuni, kausha, tibu kila jeraha mapema, inua mguu, vaa viatu. Sasa mfikirie mwanamke ambaye kifundo chake kimeanza kujaa, naye anashuka mwambani peku kila bamvua. Kila tumbawe linalomchubua linaandaa homa nyingine. Kumwambia kwamba mguu wake umezoea ni kumwambia kinyume cha kila anachoambiwa zahanati. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari, ugonjwa unaoua neva za miguu: huyo hataumia atakapochomwa, na kutoumia kwake kutasifiwa kuwa ni ukomavu.

Wapo watakaosema kwamba bibi zetu walifanya kazi hii peku na wakazeeka salama. Hoja hii inastahili jibu kamili kwa sababu ina heshima ndani yake. Kwanza, dunia waliyoikanyaga siyo hii. Mfano ulio wazi ni funza. Wapagazi wa misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa katikati ya karne ya 19 hawakumjua, kwa kuwa alikuwa bado hajafika. Aliletwa kutoka Brazili hadi Ambriz, Angola, mwaka 1872, akavuka bara, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshafika pwani yetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo mwaka 1917 viliwaka Narung'ombe nyuma ya Kilwa na Mahiwa nyuma ya Lindi, funza alilemaza askari na wapagazi kwa wingi. Mguu peku wa babu haukuwa dhaifu kuliko wa baba yake. Ardhi ndiyo iliyobadilika. Mwamba nao umebadilika. Baruti iliyopigwa kwa miaka mingi katika maji ya Kilwa imegeuza sehemu za matumbawe kuwa vifusi visivyotulia chini ya mguu, na juu ya vifusi hivyo kuna ndoana, vipande vya nyavu, chupa zilizovunjika na makopo. Aliyerithi ujuzi wa bibi hakurithi mwamba wa bibi. Pili, si kweli kwamba pwani yetu ni ya watu wasiojua viatu. Makubazi ya ngozi ni ya kwetu, na mitalawanda, vile viatu vya mti, ilivaliwa mahali penye majimaji kwa sababu watu walijua miguu na maji vinahitaji kutenganishwa. Na hao bibi waliozeeka salama tunawajua kwa kuwa walizeeka. Waliokufa kwa pepopunda baada ya kuchomwa, au waliomalizia maisha nyumbani na mguu usiopona, hawamo katika ushahidi huu, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu.

Pingamizi la wavuvi wenyewe ni la kitaalamu zaidi, na mimi nalipa uzito kuliko yote. Wanasema kiatu kinateleza, kinavuliwa na tope, kinajaa maji na kinamnyima mtu kuhisi mwamba. Kwa viatu vingi wanavyovijua, wako sawa. Kandambili ni mbovu kwa kazi hii. Buti la mpira ni baya zaidi, kwa sababu likijaa maji ni jiwe mguuni, na mtu akitumbukia kwenye mkondo linaweza kumzamisha. Lakini kutoka kwenye ukweli kwamba viatu fulani havifai haipatikani hukumu kwamba mguu usivae kitu. Inapatikana kazi ya kutafuta kiatu kinachofaa, na sifa zake si siri: kifungwe nyuma ya kisigino kisivuke, kiwe na matundu maji yatoke, soli iwe ngumu na yenye meno, na sehemu ya juu ifunike vidole. Viatu vya plastiki vya kufunga vinavyouzwa minadani vinakaribia hapo. Katambuga za tairi, zikiongezwa mkanda wa nyuma na kuvaliwa juu ya soksi nzito, zina soli ambayo viatu vingi vya dukani haviifikii, na mafundi wa kuzitengeneza wapo. Hakuna soli inayofuta hatari yote, na mwiba wa samaki jiwe unaweza kupenya mpira mwembamba. Kwa hiyo mwenye viatu naye aburure miguu badala ya kuikita penye mchanga, ili taa asikie na aondoke, na apapase mbele kwa mti wake. Ama kuhusu kuhisi, mwindaji wa pweza hahisi windo lake kwa unyayo. Shimo analiona kwa macho, na pweza anamjua kwa mti, kwa jinsi anavyouvuta au kuulegeza. Mguu kazi yake ni kumbeba afike na kumrudisha.

Watu wa hifadhi huleta pingamizi lao: mwenye viatu atakanyaga matumbawe ambayo mguu peku ungeyaogopa. Kuna ukweli hapa, na siukatai. Matumbawe hai huvunjika yakikanyagwa, na mtu asiyeumia huenda kokote. Lakini mguu peku wenye uzito wa mtu mzima na ndoo ya pweza nao huyavunja. Kama tunataka matumbawe hai yapone, njia ni kukubaliana mahali pa kupita, yaani kwenye mchanga na kwenye mwamba uliokufa, na kufunga maeneo kwa miezi kadhaa kama baadhi ya vijiji vya pwani vinavyofanya sasa kwa faida ya pweza. Kulinda tumbawe kwa kutegemea maumivu ya miguu ya wanawake ni sera ambayo hakuna ofisa angekubali kuiandika kwenye karatasi akaitia sahihi, na isiyoweza kuandikwa isitetewe kwa mdomo.

Nimesema mara kadhaa wanawake, na sikusema kwa bahati. Zamani mwamba unaokauka ulikuwa zaidi wa wanawake na watoto. Viwanda vilipoanza kununua pweza kwa ajili ya soko la Ulaya, kuanzia miaka ya 1990, wanaume waliingia kwa wingi, nao wakaingia na zana: miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni. Hakuna aliyesema kwamba mzamiaji anayevaa mapezi ni legelege au amesahau asili yake. Mapezi ni kiatu cha kazi, kinamwongezea mzamiaji uwezo, na watu wakakiita zana. Kiatu cha mwanamke anayetembea juu ya mwamba kinaitwa starehe. Pale pale Songosongo, ambako gesi asilia imekuwa ikipelekwa Dar es Salaam tangu mwaka 2004, mfanyakazi wa mitambo haingii kazini bila buti lenye kinga, kwa sababu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge. Yeye naye ni mtu wa kuzoea, na pengine amezaliwa kisiwani hapo hapo na kukulia peku. Akivuka lango, mazoea yake hayahesabiwi. Mama yake, aliye mita chache tu ng'ambo ya uzio, amesimama majini bila mwajiri, na kwa kuwa hana mwajiri mguu wake umeachiwa mazoea. Hiyo ndiyo maana halisi ya kauli kwamba miguu imezoea. Inaeleza nani ana mtu wa kuwajibika kwa ajili yake na nani hana. Juu ya miguu haisemi lolote.

Kanuni zetu za uvuvi zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500. Ni kanuni nzuri, na inasimamiwa penye mizani ambako kila mvuvi hupita. Kwa hiyo serikali, mnunuzi na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za pwani, vile BMU vilivyowekwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, vimeshafika mwambani na vimeshaonyesha kwamba vinaweza kuweka sharti na kulifuatilia. Pweza ana kanuni inayomlinda asivuliwe akiwa mchanga. Aliyemvua hana hata mstari mmoja. Haiwi vigumu kwa BMU, siku ya kufungua mwamba uliokuwa umefungwa, wakati watu hushuka kwa wingi na kwa pupa kuliko siku nyingine yoyote, kutaka kila anayeshuka awe na kitu mguuni na kuweka maji ya moto tayari ufukweni. Sharti hilo lisiwe la faini, maana faini itamwangukia yule yule asiye na kiatu. Liwe la kuandaa: kikundi kiwe na viatu vya kuazima, kama walivyofanya Moshi.

Linabaki swali la nani alipe, nalo ndilo kimbilio la mwisho la hoja ya mazoea, kwa kuwa mtu akishindwa kutetea kwamba viatu havihitajiki husema basi haviwezekani. Sipendi jibu la haraka kwamba mnunuzi awakopeshe na kukata kwenye mauzo. Wavuvi wadogo wa pwani hii wamefungwa vya kutosha na madeni ya wanunuzi, na kiatu kisiwe kamba nyingine. Mnunuzi atoe kama sehemu ya gharama zake, anavyotoa barafu na mapipa ya kubebea, kwani mchokoaji aliyelazwa mwezi mzima hamletei pweza. Tena ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri hutakiwa kuitenga kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wanawake wana asilimia 4 katika hiyo. Vikundi vya wachokoaji wa pweza wa Kilwa na Lindi vinapoandika maombi huombwa vitaje zana za kazi. Viatu viandikwe hapo pamoja na boksi la barafu, na ofisa atakayevikata kwenye orodha aeleze kwa maandishi kwa nini.